Kigae cha Loveday Nancarrow

Kifaa chenyewe ni kama kipande cha sabuni
kilichokwisha kutumika nusu.
Hakilii. Nilidhani kitalia,
kama zile mashine za kwenye sinema, tatata-tatata,
watu warudi nyuma mikono juu.
Hiki kinakaa tu chini ya ngazi, juu ya kabati la viatu,
kinaonja hewa yangu, kinaihesabu,
na baada ya siku nzima kinatoa namba
kwa upole wa karani wa benki anayekutajia salio.

Mia tatu arobaini na moja.

Nilikuwa nimevua kiatu kimoja.
Nimetoka zamu ya usiku, kuogesha wazee wa watu,
Redruth inanyesha rasharasha yake isiyojua kuaga,
na nyumba hii niliyopanga, ya mawe, ya wachimba bati wa zamani,
kuta unene wa mkono wangu mzima,
niliyomsifia dada kwa simu: hii haitikiswi na upepo!
Kumbe mawe yenyewe yanapumua.
Radoni. Haina rangi, haina harufu.
Kiwango cha kuanza kuhangaika, karatasi inasema, ni mia mbili.

Nyumba njema si mlango, tulifundishwa.
Hatukuambiwa tuiulize sakafu.

Kifaa si changu. Ni cha Loveday wa namba kumi na tisa,
aliyepanga barua posta miaka thelathini na miwili
na hadi leo hawezi kuona habari ya mtu
imelala mahali bila kumfikia mwenyewe.
Alikinunua kwa fedha aliyoweka ya meno.
Anakiazimisha mtaa mzima, wiki mbili kila nyumba,
kinakuja ndani ya soksi ya sufu, na maagizo:
Usikiweke dirishani. Usikidanganye.

Kisha huandika kwa chaki
kwenye kigae cheusi kilichoanguka kutoka paa lake,
kimeegemea geti, wanaotembeza mbwa wasome.
Namba tatu: themanini. Namba saba: mia na tisini.
Kumi na moja, kwangu, pengo.

Ijumaa Bwana Hosken, mwenye nyumba tano kati ya hizi,
alishuka garini na kitambaa kibichi.
Hakugomba. Alifuta kama anayemfuta mtoto makamasi,
akasema bei ya nyumba ni kitu chepesi, huangushwa na pumzi,
na ramani ipo, ina rangi zake, imewekwa na serikali,
anayeitaka aitafute.
Loveday alimngoja amalize.
Akatoa chaki mfukoni mwa aproni.

Mimi nimesimama na mfuko wa viazi, namba yangu mdomoni.
Nani atanipangisha tena?
Nikaliona shamba la baba, Namtumbo,
siku walipopita watu wa kofia na mashine begani.
Ile yao ililia. Wallahi ililia, juu ya muhogo wetu.
Wakaandika, wakanywa maji yetu, wakashukuru,
wakafunga daftari, wakaondoka nalo.
Baba akauliza: imesemaje?
Mambo ya kitaalamu haya, mzee.
Miaka kumi na minne swali hilo limesimama ukumbini kwetu
kama mgeni asiyepewa kiti.

Mficha maradhi, nikaanza,
lakini Loveday hajui methali zetu, na mvua ilikuwa inakaza.
Nikaweka viazi chini.
Mia tatu arobaini na moja, nikasema.

Hakunipa pole. Alinipa chaki.
Ilivunjika kwenye nne, nikamalizia kwa kipande.

Bwana Hosken aliisoma namba ile muda mrefu,
kitambaa kinamdondokea kiatuni.
"Mama alilala chumba kile cha chini," akasema,
si kwangu, si kwa Loveday.
Akaingia garini. Hakuliwasha.

Usiku nilifungua madirisha yote.
Baridi ikaingia kama mwenye hisa.
Kesho yake: mia mbili tisini na nane.
Nikavaa koti, nikalala.