Kioo cha Hodhi

Muuzaji ananiuliza: kulia au kushoto?
Bawaba, mama. Kifungukie upande gani?
Nimesimama dukani, Barabara ya Iganga, Jinja,
na sikumbuki bomba la nyumbani liko mkono upi,
bomba ninalolifungua kila asubuhi, mwaka wa ishirini na sita huu.
Nikafumba macho, nikaoga pale pale,
hewani, mbele ya ndoo za rangi na magunia ya saruji,
hadi kiwiko kikakumbuka.
Kushoto.

Tulikuwa na pazia la plastiki, lenye samaki wa buluu,
upindo wake umeota kuvu jeusi.
Lilikuwa na tabia: maji yakipata moto
linajivuta ndani, linamkumbatia mtu mapajani.
Zamani tulicheka. "Pazia lako limenitongoza tena," Tenywa alisema.
Tangu kiharusi, hacheki.
Mwezi wa Machi lilimnasa mguu ule usiosikia,
akalivuta,
pete kumi na moja zikakatika moja moja
kama vifungo vya shati,
nami jikoni, nimefungulia redio.

Basi, kioo.

Binti wa dukani, Nangobi, hana haraka.
Kuna kinachokunjwa kama kitabu.
Kuna kisichosogea kabisa, kimesimama tu kama askari wa benki.
Milimita sita, milimita nane.
Kikivunjika, anasema, hakikati mtu,
kinamwagika kama chumvi ya mawe.
Halafu kuna kinachoonyesha, na kuna cha ukungu.

Hapo ndipo tulipogombana, mimi na mume wangu.
Mimi: kinachoonyesha. Ukianguka nikuone.
Yeye: cha ukungu.
Nikianguka usinione.

Siku tatu hatukulitaja tena.

Alikuwa mpima ardhi. Huko Kamuli
ndugu waliokwisha kunoa mapanga
aliwatenganisha kwa kamba na vigingi, wakaenda zao.
Sasa mimi ndiye ninayempimia maji, vuguvugu, kwa kiwiko.
Fundi Wandera alipokuja na tepu yake
akatangaza: ukuta hadi ukingo, mia nane kamili.
Fimbo ikasikika ukumbini.
Tenywa akaomba ncha ya tepu,
akaikandamiza ukutani kwa mkono wa kushoto, ule unaotii.
"Juu, mia nane. Chini, mia saba themanini na nane.
Ukuta huu umelewa tangu siku ulipojengwa."
Wandera akapima upya. Akavua kofia.
Jioni ile Tenywa alimaliza chakula chote,
akaomba na ukoko.

Hodhi lenyewe tulilikuta, la chuma, zito kama deni.
Limetutunzia maji wiki ambazo bomba lilikauka.
Limewahi kulaza kamongo mzima, hai, usiku kucha,
mkia ukigonga, gonga,
na mwanetu Balyejusa akakataa kuoga humo mwezi mzima.
Lina alama ya kucha, la kopo lililoanguka, la kila mtu.
Halikuwahi kudai kioo.

Nilinunua kinachoonyesha.
Laki tisa, bila ya ufundi. Sikumwomba ruhusa,
nilimwambia tu kwamba cha ukungu kimekwisha,
na Nangobi, Mungu amsamehe, alinisaidia kusema hivyo kwenye simu.

Siku ya kwanza alifungua maji ya moto kwa hasira,
mpaka mwisho.
Mvuke ukapanda. Kioo kikaanza kuzibwa kutoka chini,
magoti, kiuno, mabega,
hadi mume wangu akawa rangi tu, kahawia, inayosogea.
Kisha kiganja kikafuta duara, kadiri ya sahani ya chai,
na jicho likachungulia.
"Bado upo?"
"Nipo."
Duara likajifunga polepole.

Umeme ukikatika, maji ni baridi, mvuke hakuna.
Siku hizo nakaa juu ya kigoda, nimekipa kioo mgongo,
nahesabu vigae vya mlangoni: arobaini na viwili, kimoja kina ufa.
Na yeye, sikumwomba,
anapiga mluzi,
mbovu, bila kituo,
tangu tone la kwanza mpaka taulo.