Picha ya Kumi na Saba

Nimepiga picha miaka thelathini na moja
Barabara ya Tano, mlango wa kijani,
nyuma ya mteja pazia la maporomoko ya maji
katika mji ambao maji huja kwa zamu.
Niliwafunga watu vifungo vya koti la kuazima,
nikasema: kidevu chini, usipumue, tayari,
kisha kacha! Moja tu.
Mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita
na kila moja ina bei yake, kama yai.

Leo mjukuu wangu Nyemo ananiwekea simu kiganjani
hapa uani kwetu Hombolo.
"Babu, usiguse ukaachia. Kandamiza. Shikilia."
Nikashikilia, nayo ikatapika
tatatatatata
kama bisi kwenye sufuria isiyofunikwa.
Arobaini na mbili!
Nikaachia kwa woga, nikatazama huku na huku:
nani atazilipia?

Amenifundisha na mengine.
Mistari ya kuigawa dunia vipande tisa
(hiyo nilikuwa nayo jichoni tangu ujana).
Kipima muda: unaiegemeza simu kwenye kinu,
unakimbia kama mwizi wa kuku ukakae na wenzio.
Ya usiku inataka ushike pumzi
mpaka nyota zikubali kuhesabiwa.
Panorama niliizungusha toka zizini hadi bwawani;
jirani Chedego akakatiza na baiskeli,
akatokea ana magurudumu matano, kichwa hana.
Alipoonyeshwa, aliomba atumiwe.
Ile ya kufifisha nyuma sikuipenda.
Ilimwacha Perusi na uso mkali, safi,
ikaufuta ukingo wa ungo wake,
kana kwamba yeye na ungo ni vitu viwili.

Mke wangu hana picha yenye macho.
Ya harusi: amefumba.
Ya ubatizo wa kifunguamimba: mtoto katutolea macho,
mama amefumba.
Ya kitambulisho walimrudisha mara tatu.
Na mimi, fundi, nililaumu flashi,
nikalaumu kope,
siku moja, Mungu anisamehe, nikamlaumu mwenyewe
mbele ya wateja.

Jana alasiri upepo wa Julai ulikuja vizuri,
akasimama kupepeta uwele.
Nikaita, "Perusi!" nikakandamiza.

Usiku tukazipitia kwa kidole.
Ya kwanza, uwele umo ungoni.
Ya sita, uwele hewani, makapi yanaanza kuasi.
Ya kumi na moja, amefumba. Nilijua.
Ya kumi na nne, kope nusu,
kama mlango wa duka mwenyewe akiwa anakula.
Ya kumi na saba
yuko wazi.
Makapi yamesimama kando ya shavu lake
kama nyuki waliosahau waendako,
naye haitazami simu.
Ananitazama mimi.
Ya kumi na nane, amefumba tena.

"Unaona?" nikasema. "Kumbe ilikuwa flashi."
"Flashi gani," akajibu, anamenya karanga,
hata kichwa hakuinua.
"Wewe ukisema tayari, mimi naanza kuomba:
Bwana, mkanda huu usiungue,
unga wenyewe umebaki wa kesho.
Sijafika amina, umeshapiga."

Karanga zikaendelea kudondoka bakulini.
Miaka thelathini na moja
nimempiga picha mwanamke akiniombea,
nikaiandika kasoro nyuma ya bahasha.

Sasa simu inauliza:
ubakize iliyo bora, ufute zilizosalia?
"Nafasi imejaa, babu," anasema Nyemo,
kidole chake kimeshafika.

Nikamshika mkono.
Subiri kwanza.
Mwache bibi yako afike amina.