Msomaji wa Tatu

Saa mbili asubuhi, Kibo imejifunika,
ukumbi wa chuo unanuka karatasi na chai ya tangawizi.
Bwana Temu anagonga meza kwa kifuniko cha kalamu:
"Kwanza tulinganishe macho."

Tunagawiwa sampuli saba,
zimerudufiwa mpaka herufi zimepauka.
Tunasoma, tunanyoosha vidole kama watoto wa chekechea:
kimoja, hafifu; sita, bora.
Insha ya nne nilinyoosha vitano.
Nikatupa jicho huku na huku: tatu, tatu, tatu,
na mzee Kileo, aliyekuwa akisinzia, tatu.
Nikakunja viwili taratibu
kama mtu aliyekuwa anajikuna.

Hivyo ndivyo macho yanavyolinganishwa.

Kisha bahasha. Insha hamsini na mbili kila moja,
dakika tatu kwa insha, alama kwenye karatasi ya pembeni
mwenzako asione ulichotoa.
Jina hakuna, ipo namba.
Mwongozo uko kulia kwangu, umepigwa laminesheni:
utangulizi, kiini, hitimisho, aya, nukta.
Anayepita anahitimu. Anayeanguka
anarudia Stadi za Mawasiliano muhula mzima,
na ada juu.

"Maji ni uhai. Jadili."
Wakajadili!
Maji hunywewa, maji hufulia, maji huendesha mitambo,
hivyo basi, kwa kuhitimisha, maji ni uhai.
Nne. Nne. Tatu. Nne.
Mkono ulishaijua njia; mimi nilikuwa nawaza
kama fundi amemaliza cherehani yangu.

Saa tisa na dakika arobaini, namba 0417.
Utangulizi hana. Anaanza tu:
"Usiku wa zamu yetu baba hakuvua viatu."
Halafu mfongo, kule juu Kibosho,
taa ya chemli, jembe,
jirani aliyeyachepusha maji kabla saa yao haijaisha,
na baba aliyekaa kimya kwenye ukingo, akihesabu.
Kurasa mbili bila aya, bila kupumua.
Neno "mfereji" kaliandika namna tatu.
Na mwisho:
"Maji yalifika alfajiri. Hayakuwa mengi."
Basi. Kengele ilimkuta hapo, au alitaka paishie hapo,
sijui.

Nikageuza karatasi, nikatafuta hitimisho kwa nyuma.
Nikampa mbili.

Aikaeli Lyatuu, mwenzangu wa jozi, kampa tano.
Tofauti ikizidi moja, insha huenda kwa msomaji wa tatu.
Ni kanuni nzuri. Hutulinda sisi
tusigombane kabla ya chai ya jioni.
"We mtu wa Singida, mfongo unaujua?" akaniuliza akicheka.
"Sikuulizwa mfongo," nikasema. "Nimeulizwa aya."

Bwana Temu aliisoma amesimama,
ndizi mkononi, imemenywa nusu.
Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.
Nikaona ndizi imesahauliwa, nikajua nimeshindwa,
nikaanza kupanga maneno ya kujitetea.
Akaandika tatu.
"Mngeipata asubuhi," akasema, "mngekubaliana."
Akaila ndizi.

Tatu ndiyo mstari. 0417 amepita, kwa ukucha,
na hatajua kwamba watu watatu wazima
walimsoma baba yake usiku mmoja
wakaona mababa watatu.
Fomu ina chumba cha alama.
Chumba cha sababu haina.

Usiku huu, nyumbani Pasua, nachambua mchele.
Insha zangu za nne, zile nadhifu, zenye vichwa na mikia,
zimeniponyoka zote, sikumbuki hata moja.
Ile ya mbili imekaa,
na mifereji yake mitatu.
Sijui ni msichana au mvulana.
Wino mwekundu umegoma kutoka kwenye kidole gumba,
nimeona punje moja imegeuka rangi, nikaitupa.

Kesho bahasha nyingine.
Nilikuwa nimeshavua viatu.
Nikavivaa tena, nikatoka uani
kulifunga bomba linalodondoka.