Nyuma ya Karatasi

Msituni Rau, mbega walituona kwanza.
Wakakoroma juu mivuleni, wakatudondoshea maganda,
na Mwalimu Apaikunda akasema: andikeni hilo pia.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti
penye gogo lililooza kando ya mto,
pua karibu na uyoga mmoja wa kijivu
ulionuka unga uliolowa.

Usiku, bwenini, niliulaza kifudifudi
nyuma ya mtihani wangu wa hesabu
(kumi na mbili kwa mia, wino mwekundu)
nikaufunika kwa kikombe cha Ndeshi.

Asubuhi: vumbi la kahawia,
mistari kama spoki za baiskeli,
hakuna hata mmoja uliopinda.

Mwalimu aliishika karatasi dirishani.
Mwanga ukaonyesha pande zote mbili.
Akasoma yote.
"Usipige chafya," akasema.