Saa Arobaini na Nane

Lappeenranta, Januari. Ziwa limekuwa barabara.
Aune Pihlajisto amezima leza, amevua miwani,
ameandika daftarini: saa nne na dakika sita.
Mshono umelala juu ya bamba
kama mkunjo wa shuka iliyopigwa pasi.

Lakini chuma hakisemi siku hiyo hiyo.
Haidrojeni iliyoponyoka na unyevu
inatambaa ndani, taratibu,
ikitafuta pa kukaa.
Kwa hiyo anangoja. Siku mbili.
Kinasa sauti kimebandikwa ubavuni mwa bamba,
koti limekuwa mto, kahawa imechacha.

Babake alichomelea meli Rauma, miaka thelathini.
Alibisha mshono kwa nyundo, akatega sikio:
"Huyu mkweli." Au: "Huyu mwongo, mkate."

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
sawa,
na ufa ambao bado haujazaliwa?

Saa ya arobaini na moja, usiku wa manane:
tik.
Mara moja tu, kama ukucha kwenye kigae.
Miezi minane ya kazi imepasuka hapo.
Aune haamshi mtu.
Anaisogeza taa, anachukua kalamu,
anaukaribia mshono kama mgonjwa
aliyekubali, hatimaye, kutaja panapouma.