Moshi wa Nyumba ya Ishirini na Mbili

Wino natengeneza mwenyewe, kwa maganda mabichi ya jozi
ninayoyachemsha katika sufuria isiyopikiwa tena chakula.
Vidole vyangu ni vya kahawia tangu Septemba hadi Pasaka.
Mkaguzi kutoka Ambrolauri aliniuliza kama navuta tumbaku.
Nikamwambia: nafundisha kuchora.
Akaandika kitu daftarini. Sikukiona.

Watoto ni saba. Madarasa manne, chumba kimoja, jiko moja la bati.
Rangi za serikali huja nusu boksi, na nyeupe ndiyo nyingi,
kana kwamba huku milimani tumepungukiwa theluji.

Mwaka huu nikapata bunda la karatasi ya kubandika ukutani,
masalio ya sebule ya shemeji yangu Nodari.
Upande mmoja mawaridi. Upande wa pili weupe mtupu, mita kumi.
Tukalikunjua sakafuni, tukakandamiza pembe kwa viatu vyetu,
nikasema: tunachora kijiji. Nyumba zote, toka kinuni hadi kanisani,
thelathini na moja.

Kanuni yangu iko juu ya ubao, haifutwi:
chora unachokiona, si unachokijua.
Mti hauna umbo la mwavuli. Nenda kautazame.
Jua halikai kwenye kona likiwa na miguu. Nenda kali—
hapana, hilo usilitazame.

Wiki mbili walizunguka na vibao kwapani,
pua nyekundu, penseli zikining'inia shingoni kwa uzi.
Gvantsa alihesabu ngazi za kila baraza.
Pacha, Zuka na Tedo, walimgombania mbwa wa Shalva
aliyezoea kulala mpakani, kati ya nyua mbili;
mwishowe kila mmoja akachora nusu yake,
na mbwa akatoka kichwa fahali, kiuno paka.

Nyumba zenye watu ziliisha upesi. Ni kumi na mbili.
Zilizobaki hakuna aliyezitaka.
Zina kufuli. Wenyewe wako Tbilisi,
wako Italia wakiwaogesha wazee wa watu wengine,
wako kule juu nyuma ya kanisa, chini ya majina yao.
Nikazigawa kwa kura, ndani ya kofia yangu.

Ya ishirini na mbili ilimwangukia Bachana,
mtoto ambaye maneno yake ukiyapanga hayajazi kiganja.
Nyumba ya marehemu Babutsa.
Aliichora vizuri: bawaba iliyolegea, kioo chenye ufa,
mzabibu uliokwea paa kwa kukosa wa kuupogoa.
Kisha juu ya bomba, laini, umepakwa kwa kidole,
moshi.

Nikapiga magoti kando yake, kifutio mkononi.
Kalamu nyekundu niliiacha zamani; kifutio bado.

"Bachana, kanuni inasemaje?"
"Nichore ninachokiona."
"Na huu umeuona?"
"Jana. Saa kumi na dakika kama tano.
Ulikuwa unaelekea mtoni."

Ndipo nikatazama vizuri, mimi mwenye kanuni.
Haikuwa penseli. Yalikuwa masizi,
na vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vyangu vilivyo vya kahawia.

"Dirisha la nyuma halifungi. Kuni zake zipo, kavu.
Niliwasha, nikakimbia mpaka barabarani, nikautazama.
Halafu nikarudi, nikazima," aliongeza haraka.
"Kwa maji. Mara mbili."

Nilimkaripia. Nyumba ya mbao, miaka tisa, kiberiti!
Nilikaripia dakika nzima, kwa sauti niliyoazima kwa mkaguzi,
na watoto wote sita wakatazama viatu vyao
ambavyo vilikuwa bado vimekalia pembe za kijiji.

Kisha nikarudisha kifutio mfukoni.

Jumatatu, kabla ya kengele, Gvantsa alinijia
na kura yake imekunjwa mara nne:
ishirini na sita, ile ya chini, karibu na daraja.
Akauliza kama mwalimu ana kiberiti.