Ngisi wa Chambo

"Unakwenda kuvua wapi?" akaniuliza
muuza samaki wa gatini, Grimsby,
akinifungia ngisi watatu kwenye mfuko wa buluu.
Nikamwambia navua nyumbani kwangu:
nina samaki wawili, mmoja wa miaka tisa,
mwingine kumi na miwili, na wote hawashibi.
Akacheka nusu.
Huku ngisi ni chambo,
hutundikwa ndoanani ili aje mwenye thamani.
Nikapanda naye basi, mfuko ukivuja magotini,
nami nikitazama dirishani kama si wangu.

Mkataba wa nyumba, ukurasa wa nne:
marufuku karai la mafuta.
King'ora cha moshi kimekaa juu ya jiko
kikisubiri sababu, kama wifi.
Ndiyo maana nikanunua hiki kikaangio cha hewa,
cheusi, kifupi, mkono mmoja, tumbo la droo.
Kwetu upepo hupungwa.
Hapa unalipiwa umeme, unapika.

Nilivuta kichwa, kikaja na mambo yake yote,
na kifuko cha wino,
na ule uti mwembamba, angavu kama plastiki.
"Hii nini?" Makame akauinua kwenye taa.
"Kalamu yake."
"Ana wino, ana kalamu. Anaandika nini?"
Hicho ndicho kitendawili, mwanangu. Haandiki.
Sikumwambia kuna ujumbe wa dada yangu Mwatumu
umelala kwenye simu tangu Rajabu
bila jibu.

Nikamkata pete, upana wa kidole,
nikazilaza kwenye mtindi nusu saa,
nikazigaagaza kwenye unga wa ngano,
bizari, pilipili manga, chumvi ya kukisia.
Kisha haraka ya njaa: nikazirundika zote mara moja,
pete juu ya pete kama bangili za bi harusi.
Mashine ikavuma. Dakika kumi na mbili.
Zikatoka zimelowa, zimeshikana,
zina mabaka meupe ya unga mbichi.
Nunuu akatafuna, akatafuna, akatafuna,
akaitoa mdomoni ingali nzima.
"Mama," akasema, "irudishe ikawe chambo."

Kiwandani nafunga vidole vya samaki.
Mkanda haumsubiri mtu,
na trei isiyojaa huandikiwa jina la aliyeipitisha.
Miaka sita mikono yangu inajua kujaza tu.
Sasa nimesimama mbele ya droo
najifunza kuacha nafasi.
Ngisi wa pili na wa tatu nikawakausha kwa karatasi
mpaka karatasi ikakosa cha kunywa.
Safari hii nikachanganya unga na wanga wa mahindi, nusu kwa nusu.
Mafuta nikayapuliza kidogo, kama anayejitia marashi
akiwa amechelewa arusini.
Pete zisigusane. Digrii mia mbili.
Dakika nne, geuza. Tatu tena, usizidishe,
maana ngisi hupita kutoka laini hadi mpira
wewe ukitafuta kijiko.

Nikavuta droo.
Rangi ya mchanga uliopigwa na jua la saa tisa.
Nikakamua limau, ikalia chii.
Hakuna aliyesema neno.
Kru, akasema Nunuu kwa meno.
Kru, kru, akajibu kaka yake.
King'ora juu kimenuna, hakikupewa sababu.

Nilipogeuka kuosha bakuli
Makame alikuwa amepasua kifuko cha wino kwenye kisahani,
amechovya ule uti,
na nyuma ya bili ya maji ameandika, kwa herufi za kutambaa:
*Mama Mkubwa*
Akakwama.
"Halafu niandike nini?"

Nikafuta mikono. Nikafuta tena.
"Andika tumekula," nikasema.
"Andika mara ya kwanza ilikataa."

Tukapiga picha, tukatuma.
Bili yenyewe ilinuka siku tatu.